Samaki wa Mdomo wa Upande na Kazi za Nusu Mbili za Ubongo

Alfajiri mwalo wa Katonga hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hujaa dagaa na migebuka ya usiku, na macho ya kila mtu huwa kwa samaki wenye bei. Mazungumzo ya leo yanaanzia kwa samaki asiye na bei. Anaishi kwenye miamba iliyo karibu na ufukwe, urefu wake ni kama sentimita 10, ni wa jamii moja pana na kuhe na sato, na wanasayansi wamempa jina Perissodus microlepis. Chakula chake ni magamba ya samaki wenziwe. Humnyemelea mwenzake kwa nyuma, humrukia ubavuni, humng'oa magamba machache na kutoweka kabla aliyeibiwa hajageuka. Tena mdomo wake haukunyooka. Kuna waliopinda mdomo kuelekea kulia na kuna waliopinda kuelekea kushoto. Mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo lake, na mwenye mdomo wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alichapisha katika jarida la Science matokeo ya miaka mingi ya kuwachunguza samaki hawa wa Ziwa Tanganyika, akaonyesha kwamba idadi ya makundi hayo mawili hupanda na kushuka, lakini daima huzunguka nusu kwa nusu. Wakizidi wenye mdomo wa kulia, samaki wanaowindwa huzoea kuulinda ubavu wa kushoto; hapo wale wachache wa mdomo wa kushoto hukuta ubavu wa pili hauna mlinzi, hushiba, huzaa, huongezeka, na zamu hugeuka. Wataalamu wa elimu ya uhai duniani kote huutaja mfano huu wanapoeleza jinsi upande wa kushoto na wa kulia unavyoweza kuamua maisha ya kiumbe, na mfano wenyewe umetoka katika maji yetu.

Namleta samaki huyu kwa sababu ya maneno yanayosemwa sana siku hizi kuhusu ubongo wa binadamu. Semina za kuhamasisha vijana, vitabu vya kujiendeleza na video za simuni huwaambia watu kwamba nusu ya kushoto ya ubongo ni ya hesabu na mantiki, nusu ya kulia ni ya sanaa na hisia, na kwamba kila mtu anatawaliwa na mojawapo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaambiwa achague tahasusi kulingana na nusu inayomtawala. Maneno haya yamechanganya kweli na uongo kwa namna inayodhuru. Kweli ni kwamba nusu mbili za ubongo hugawana kazi, na mgawanyo huo ni wa kale kuliko binadamu mwenyewe. Uongo ni kudhani kwamba mgawanyo huo umewagawa watu. Umo ndani ya kila mmoja wetu, kati ya sikio na sikio, na faida yake yote inatokana na nusu hizo kufanya kazi pamoja katika kichwa kimoja.

Atatokea mtu aseme: samaki uliyemtaja amepinda mfupa wa taya, ubongo umeingiaje hapo? Ni swali la haki, na wapo waliolifanyia kazi. Yuichi Takeuchi na Yoichi Oda waliwalea samaki hawa maabara tangu wadogo kwa chakula cha kawaida, bila kuwaonjesha uwindaji, kisha wakawapa windo kwa mara ya kwanza. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2017, yanafundisha mengi. Mwanzoni samaki wageni wa uwindaji walijaribu kushambulia pande zote mbili. Lakini tangu siku hizo za mwanzo, walipojaribu kwa upande unaolingana na mdomo wao, mwili ulijikunja haraka na kwa nguvu zaidi. Baada ya kujaribu tena na tena waliuacha upande dhaifu na kushika upande wenye nguvu. Taya peke yake haliwezi kueleza hilo, kwa maana kujikunja kwa mwili huamriwa na seli za neva zilizo katika shina la ubongo, zilizopangwa kushoto na kulia, na kujifunza ni kazi ya ubongo. Zingatia mpangilio wa mambo hapo: mwelekeo ulikuwepo tangu mwanzo, lakini ulikamilishwa na mazoezi. Nitaurudia mpangilio huo tutakapofika darasani.

Sasa tumtazame binadamu. Kila nusu ya ubongo huongoza upande wa mwili ulio mkabala nayo: kushoto huongoza mkono na mguu wa kulia, kulia huongoza vya kushoto. Hilo linajulikana tangu zama za matabibu wa Kigiriki. Kilichochelewa kujulikana ni kwamba nusu hizi hazifanani kwa kazi. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu Paul Broca alimhudumia mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa akielewa mengi anayoambiwa lakini hawezi kutamka ila silabi moja, «tan». Alipofariki, Broca aliufungua ubongo wake akakuta kidonda sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto. Wagonjwa wengine wakafuata, na mwaka 1865 Broca alitamka wazi kwamba tunasema kwa nusu ya kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa namna nyingine, wanaosema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana na wasioelewa wanayoambiwa. Kidonda chao kilikuwa nusu hiyohiyo ya kushoto, ila nyuma zaidi. Tangu wakati huo ushahidi umezidi kukusanyika. Kati ya watu wanaotumia mkono wa kulia, takriban 95 kwa kila 100 lugha yao imeegemea kushoto.

Nusu ya kulia nayo ina kazi zake, na si ndogo. Hiyo ndiyo inayosimamia zaidi uangalifu wetu juu ya eneo linalotuzunguka, kutambua nyuso, na kupokea hisia iliyo ndani ya sauti. Neno «pole» linaweza kuwa faraja au kejeli, na herufi zake ni zilezile. Tofauti iko katika sauti inavyopanda na kushuka. Mtu aliyeumia nusu ya kulia anaweza kulisikia neno, akalielewa, asijue kama amefarijiwa au amesimangwa. Kwa hiyo hata lugha, inayotajwa kila mara kuwa mali ya kushoto, haikamiliki bila kulia. Jambo hili husahauliwa sana na wanaopenda kuchora mstari katikati ya kichwa.

Kwa nini viumbe wagawane kazi hivi? Jibu linaloniridhisha zaidi limetoka kwa kifaranga wa kuku. Kifaranga hutumia zaidi jicho la kulia, yaani nusu ya kushoto, kutofautisha punje na kokoto, na jicho la kushoto, yaani nusu ya kulia, kumwangalia mwewe. Lesley Rogers wa Australia aligundua kwamba sehemu ya mgawanyo huo huletwa na mwanga unaopenya ganda la yai katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kwa sababu kifaranga hulala jicho la kulia likiwa upande wa ganda na la kushoto limefunikwa na mwili. Mayai yakiwekwa gizani siku hizo, mgawanyo huo haukamiliki. Mwaka 2004 Rogers na wenzake, Paolo Zucca na Giorgio Vallortigara, waliwapa vifaranga wa namna zote mbili kazi mbili kwa pamoja: kuchagua punje kati ya kokoto huku kivuli cha mwewe kikipita juu. Walioanguliwa kwa mayai yenye mwanga walizimudu zote mbili. Wale wa gizani walivurugika. Tazama basi faida ilipo: kifaranga mmoja anakula bila kuliwa, kwa sababu nusu zake mbili zinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kifaranga wa nusu moja tu asingefika jioni.

Turudi pwani ya ziwa letu, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye milima ya Gombe, alikofika Jane Goodall Julai 1960 na kuona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti vya majani. Kitendo hicho kimetumika pia kuuliza swali la mikono. William McGrew na Linda Marchant walionyesha kwamba kila sokwe wa Gombe, anapovua mchwa, ana mkono wake anaoushikilia karibu muda wote. Mwaka 2005 Elizabeth Lonsdorf na William Hopkins walichunguza sokwe 17 wa Gombe, wakaunganisha takwimu zao na za waliotangulia, wakakuta wengi huvua mchwa kwa mkono wa kushoto. Ila katika kazi nyingine, kama kupasua kokwa kwa mawe kunakofanywa na sokwe wa Afrika Magharibi, mkono unaoongoza ni wa kulia. Sokwe, basi, hawana upande mmoja uliotawala kila kazi kama tulivyo sisi. Mwanadamu amekwenda mbali zaidi: takriban watu tisa kati ya kumi hutumia mkono wa kulia, na wa kulia ndio wengi katika kila bara na kila kabila lililochunguzwa. Alama inayosemekana kuwa ya kale kuliko zote ya jambo hilo imetoka Tanzania hii, bonde la Olduvai. Ni taya la juu la binadamu wa kale wa namna ya Homo habilis, lililohifadhiwa kwa namba OH 65, la miaka kama milioni 1.8. David Frayer na wenzake, mwaka 2016, walieleza mikwaruzo iliyo mbele ya meno yake. Inaelekea mmiliki alikuwa akibana kitu kwa meno, akikivuta kwa mkono wa kushoto na kukikata kwa jiwe lililoshikwa kulia. Kila jiwe lilipoteleza liliacha mkwaruzo wa mshazari unaoelekea upande mmoja. Hapa lazima tuwe waangalifu. Meno ya mtu mmoja hayawezi kusemea kizazi kizima, na mtu huyo angeweza kuwa miongoni mwa wachache. Yanachothibitisha ni kwamba hata wakati huo mkono mmoja ulikuwa na kazi yake na wa pili kazi yake.

Sasa tuingie kwenye pingamizi lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa ndilo chanzo cha imani ninayoipinga. Katika miaka ya 1960 nchini Marekani, baadhi ya wagonjwa wa kifafa kikali walikatwa daraja kubwa la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, nyuzi zipatazo milioni 200, ili kifafa kisivuke upande wa pili. Roger Sperry na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga waliwapima. Jina la kitu likioneshwa kwa muda mfupi upande wa kushoto wa macho, ili lifike nusu ya kulia peke yake, mgonjwa alisema hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa chini ya meza bila kuona, ulikichagua kitu hichohicho. Nusu isiyo na kauli ilikuwa imeona na kuelewa. Sperry alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na alistahili. Kutoka hapo magazeti na vitabu viliruka hatua ambayo majaribio hayakuipiga: kama mtu aliyekatwa ana nusu mbili zenye tabia tofauti, basi kila mtu lazima atawaliwe na moja. Hitimisho hilo halifuati. Chukua mitumbwi miwili iliyofungwa kwa miti, yenye taa juu na wavu mmoja chini, kama inayotoka hapa jioni kwenda kuvua dagaa. Ukikata miti hiyo, kila mtumbwi utakwenda zake na utajua uwezo wa kila mmoja. Hutakuwa umethibitisha kwamba, siku miti ilipokuwa mizima, mtumbwi mmoja ndio uliokuwa ukivua. Sisi tusiokatwa, daraja hilo linafanya kazi kila sekunde.

Na jambo lenyewe limepimwa moja kwa moja. Mwaka 2013 Jared Nielsen, Jeffrey Anderson na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah walichambua picha za ubongo za watu 1,011, wenye umri kati ya miaka 7 na 29. Waliona kazi zilizoegemea upande mmoja, lugha kushoto na uangalifu kulia, kama ilivyotarajiwa. Walichokitafuta na kukikosa ni watu ambao mtandao mzima wa nusu moja una nguvu kuliko wa pili. Hawakupatikana wa kushoto wala wa kulia. Wapo watakaojibu kwamba kila mwalimu anajua watoto wa hesabu na watoto wa kuchora. Ni kweli vipaji vinatofautiana, na sina haja ya kukanusha kinachoonekana kwa macho. Ila hesabu haikai kushoto peke yake: kukadiria wingi wa vitu hutumia sehemu za juu nyuma za nusu zote mbili. Wala muziki haukai kulia peke yake. Fundi wa muziki aliyebobea hutumia nusu zote mbili. Tofauti ya vipaji ipo, lakini mahali pake si kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ubongo wake ni wa kulia, akaacha fizikia kwa sababu hiyo, amepokonywa somo kwa jina la sayansi isiyokuwepo. Mkumbuke samaki wa Takeuchi na Oda: upande wake ulipata nguvu kwa kuutumia.

Kuna kundi jingine linaloumizwa na maneno haya, nalo ni watoto wa mkono wa kushoto. Ni takriban mmoja kati ya kila kumi, kwa hiyo darasa la wanafunzi 60 pale Ujiji linatarajiwa kuwa nao kama sita. Wanasikia mambo mawili yanayopingana: hapa wanaambiwa ni watundu wa kunyooshwa, kule wanaambiwa ni wasanii wa ubongo wa kulia. Yote mawili si sahihi. Takriban watu 70 kati ya kila 100 wa mkono wa kushoto lugha yao iko nusu ya kushoto, vilevile kama kwa jirani zao. Kuhusu kuwanyoosha, Hartwig Siebner na wenzake huko Ujerumani walichunguza mwaka 2002 watu wazima waliozaliwa na mkono wa kushoto wakalazimishwa utotoni kuandika kwa kulia. Walikuwa wameandika kwa kulia miaka mingi, hata hivyo nusu yao ya kulia iliendelea kushughulika katika uandishi kuliko kwa watu wa kulia wa asili. Mkono ulihama, ubongo haukuhama wote. Najua pingamizi la wazee, na ni la heshima: kwa mila zetu na kwa mafundisho ya dini, mtu hula na kutoa kwa mkono wa kulia. Sioni mgongano. Kupeleka tonge mdomoni ni tendo fupi ambalo mtoto wa kushoto hujifunza kama adabu nyingine yoyote, na wengi wao wanalifanya bila shida. Kuandika ni kazi ya miaka, ya saa nyingi kila siku, inayohitaji umahiri wa vidole uliofungamana na mawazo. Adabu ya sinia haimzuii mwalimu kumwacha mtoto aandike kwa mkono wake, amketishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili kiwiko kisigongane na cha jirani, na amwonyeshe kulaza daftari mshazari aone anachokiandika. Fimbo haina nafasi hapo.

Elimu hii ina matumizi mazito zaidi kwa familia zenye mgonjwa wa kiharusi, na hizo ni nyingi. Utafiti ulioongozwa na Richard Walker katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta jijini zaidi ya watu 300 kwa kila 100,000 wakipata kiharusi kwa mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Ni kiwango kikubwa hata kikilinganishwa na nchi tajiri. Damu ikikosa kufika nusu ya kushoto, mara nyingi hulegea mkono na mguu wa kulia na kauli hupotea. Ndugu wengi hudhani mzee amepoteza akili, wakaanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Akili inaweza kuwa nzima na kilichofungwa ni njia ya maneno. Wapo wasioweza kutamka sentensi lakini wakianzishiwa kasida au wimbo walioujua tangu utoto huuimba na maneno yake, na inadhaniwa ni kwa sababu wimbo uliozoeleka hupata msaada wa nusu iliyobaki salama. Tabibu wa mazoezi ya kauli anaweza kuanzia hapohapo.

Kiharusi cha nusu ya kulia hueleweka hata kidogo zaidi. Mgonjwa anasema vizuri, anacheka, kwa hiyo watu hudhani amepona upesi. Kumbe upande mzima wa kushoto wa dunia umetoka katika uangalifu wake. Anakula wali wa upande wa kulia wa sahani na kulalamika kwamba hajashiba. Ananyoa shavu moja. Anaweza hata kukana kwamba mkono uliolegea ni wake. Macho yake yanaona. Ubongo hauuangalii upande huo. Nyumbani mtu huyu huitwa mkaidi au mzembe, na jina hilo humwongezea maumivu asiyoyastahili. Kinachosaidia ni kumgeuzia sahani, kumkumbusha kwa upole atazame kushoto, na kutomwacha avuke barabara peke yake. Na siku ile ya kwanza, mnapomkimbiza Hospitali ya Maweni, mwelezeni daktari saa dalili zilipoanza, upande uliolegea, kama kauli imebadilika, na kama mgonjwa tangu utotoni alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kwa baadhi ya watu hao lugha iko nusu ya kulia, hivyo anaweza kulegea upande wa kushoto na kupoteza maneno kwa pamoja.